Paka Aliyesahauliwa Ghalani

Huko Chanika wengi wetu hufuga paka ili wawinde panya wa ghalani. Hutokea mwenye nyumba akafunga mlango akasafiri, asijue kuwa paka yumo ndani. Hata akipata panya, maji hapati. Siku ya nne hukutwa amelegea, naye mwenyewe kwa huruma humwekea samaki tele. Twasema, huruma hiyo yaweza kumwua: mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafula, madini ya damu hupungua, moyo ukadhoofu. Mpeni kwanza maji na mahali pa joto, kisha samaki kidogo wa kuchemshwa, asiye na miiba, kila baada ya saa chache. Akikataa kula, au macho yakigeuka manjano, huenda ini limeshikwa. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku ile ile.