Waya Usiobeba Sauti

Ilikuwa saa saba za usiku, chumbani kwangu Sinza, na kinanda kikuukuu kilikuwa kikilia noti moja ambayo hakuna aliyekuwa ameibonyeza. Nilifunga programu kwenye kompyuta, bado kinalia. Nilibonyeza vibonyezo vyote kwa viganja viwili, bado. Mpangaji wa chumba cha pili alikuwa ameshagonga ukuta mara mbili. Mwishowe nilichomoa waya wa umeme, dawa ya kila asiyejua anachokifanya.

Kosa lilikuwa langu. Nilipokuwa nacheza kwa kinanda kidogo kisicho na sauti yake, niliivuta kebo ya MIDI iliyokiunganisha na kile kikuukuu huku kidole bado kimekandamiza. Amri ya "piga" ilikuwa imeshafika kwenye kinanda kikubwa. Amri ya "acha" ikakosa njia. Kinanda hakikuharibika: kilitii kama mlinzi aliyesahauliwa lindoni.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nimeambiwa mara nyingi bila kulisikia: waya wa MIDI haubebi sauti. Unabeba maagizo. Ukibonyeza do ya katikati, kinachosafiri ni namba tatu tu: piga noti kwa chaneli fulani, noti yenyewe ni ya 60, nguvu ya kidole ni kadhaa, kati ya 1 na 127. Namba hizo tatu hupita kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, yaani noti moja haifikishi hata sehemu moja ya elfu ya sekunde njiani. Sauti hutengenezwa kule inakofika amri. Kwa hiyo vijana wanaochomeka MIDI halafu wakangoja spika iseme, wanangoja barua iimbe. Bado unahitaji waya mwingine, wa sauti, kutoka kwenye kinanda hadi kwenye mixa au intafesi.

Nyuma ya vyombo vingi vya zamani utakuta matundu matatu ya pini tano. OUT hutoa amri za chombo hicho. IN hupokea. Tundu la tatu, THRU, ndilo linalowachanganya wengi, maana linafanana na OUT kwa sura. Lenyewe hurudia neno kwa neno kilichoingia kwa IN, wala halijali unachokicheza kwenye kinanda hicho. Ukitaka kompyuta iamrishe vyombo vitatu, toa OUT ya kompyuta uiingize IN ya cha kwanza, THRU yake iende IN ya cha pili, hivyo hivyo hadi cha tatu. Usiende mbali zaidi ya hapo. Ishara huchakaa kidogo katika kila chombo, na ukifika cha nne au cha tano noti huanza kupotea. Hapo nunua kisanduku cha kugawa, chenye IN moja na THRU nyingi. Kebo nayo isizidi mita 15.

Sasa, kama amri zote zinapita waya mmoja, besi inajuaje kwamba hii si ya ngoma? Panda daladala. Kondakta akiita "Bamaga!", gari zima linasikia, lakini anayeshuka ni wa Bamaga peke yake. MIDI ina chaneli 16 ndani ya waya mmoja. Kila chombo husikia zote na kujibu yake. Besi ipe 2, kinanda 3, ngoma 10, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwa ngoma. Ukiacha vyombo vyote kwenye chaneli 1, kama vinavyotoka dukani, utasikia piano ikipiga mdundo wa singeli, na si kwa uzuri.

Kuhusu singeli: ukitaka mashine ya ngoma na kompyuta ziende pamoja, moja huipigia nyingine mapigo ya saa, 24 kwa kila pigo la muziki. Kwa kasi ya 200 kwa dakika, hayo ni mapigo 80 kila sekunde. Chagua kiongozi mmoja. Wakiwa wawili, wimbo huyumba.

Kero nyingine ni noti kusikika mara mbili, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kupokezana. Kinanda kinajipigia chenyewe, halafu kompyuta inakirudishia amri ileile. Ingia kwenye mipangilio ya kinanda, tafuta neno "Local", lizime. Dakika moja tu, lakini nimewahi kuona mtu akikaribia kuuza kinanda kizima kwa sababu hiyo.

Wengi wataniuliza: pini tano za nini, USB si ipo? Ipo, nami naitumia. Lakini wale mafundi wa mwaka 1983 waliweka kitu cha busara ndani ya tundu la IN: kijitaa kidogo na jicho la kukiona. Amri huvuka kwa mwanga, hivyo umeme wa chombo kimoja haugusani na wa kingine kupitia waya huo. USB huviunganisha, na katika nyumba zetu ambazo waya wa ardhini ni wa bahati nasibu, kompyuta ikiwa kwenye chaji utasikia mvumo na mikwaruzo kwenye spika. Kwangu, pini tano zimeshinda hapo.

Dave Smith wa Marekani alilitoa wazo la MIDI hadharani mwaka 1981, Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland akalisukuma upande wa Japani, na Januari 1983 vinanda vya kampuni mbili zilizokuwa zikishindana viliongea mbele ya watu huko California. Hawakudai malipo kwa wanaoutumia mfumo huo. Ndiyo maana kinanda cha DX7 cha Yamaha cha mwaka uleule bado kinaelewana na kompyuta iliyonunuliwa jana.

Jihadhari tu na zile kebo za bei poa za USB kwenda MIDI. Kwenye nyingine, plagi iliyoandikwa IN huingia tundu la OUT. Kukiwa kimya, zibadilishe kabla hujamlaumu aliyekuuzia. Na kabla ya kununua kebo yoyote, chora vyombo vyako kwenye karatasi, kila mshale uwe na mwelekeo na namba ya chaneli. Yangu imebandikwa ukutani, ukuta uleule uliogongwa.

Noti ile ingezimwa kwa ujumbe namba 123, unaoamuru noti zote zinyamaze. Siku hizi nimeutengea kitufe chake, upande wa mkono wa kushoto.