Usiuue ua lako kwa mapenzi

Anayeishi katika nyumba ya ghorofa hana ardhi ya kupandia maua. Hata hivyo, akiwa na dirisha linaloingiza jua, anaweza kukuza mti mzima ndani ya chungu. Huo ndio ustadi wa bonsai, ulioanzia Uchina na kuendelezwa na Wajapani: mti hupunguzwa mizizi na matawi ili uzeeke ukiwa mdogo.

Hapa kwetu, mmea unaofaa sana kazi hiyo ni waridi la jangwani, ambalo wataalamu huliita Adenium obesum. Licha ya jina hilo, hauna undugu na waridi. Humea wenyewe katika sehemu kame za Kenya, Tanzania na Somalia hadi Yemen, na jina Adenium limetokana na mji wa Aden. Shina lake limevimba chini kama chupa, nalo ndilo ghala lake la maji.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kila apitaye sebuleni huumwagia maji kwa huruma, na baada ya majuma machache shina huoza. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole katika udongo. Ukiwa na unyevu, acha. Ukiwa mkavu, mwagilia hadi maji yatokee chini, kisha umwage yanayobaki katika sahani. Chungu kiwe na matundu, na udongo uchanganywe na mchanga mwingi na kokoto ndogo.

Uweke mahali utakapopata jua kwa muda wa saa 6 hivi kila siku. Ukikosa jua hurefuka, hukonda na hautoi maua. Kati ya Juni na Agosti, baridi ya Nairobi huweza kuupukutisha majani. Usiutupe! Bonyeza shina. Likiwa gumu, mmea umelala tu. Punguza maji hadi joto lirejee. Likiwa teketeke na lenye majimaji, limeoza.

Pogoa wakati wa joto. Maua hutokea kwenye ncha za matawi machanga, kwa hiyo matawi yakiongezeka, maua nayo huongezeka. Badilisha udongo kila baada ya miaka 2 hivi, ukiinua shina kidogo ili mizizi ionekane. Ngoja siku kadhaa kabla ya kumwagilia, ili majeraha ya mizizi yakauke.

Wazazi nao wawe na hadhari. Utomvu wa mmea huu una sumu inayodhuru moyo. Baadhi ya jamii za Afrika waliutumia kwenye mishale ya kuwindia. Vaa glavu unapopogoa, nawa mikono kwa sabuni, na uuweke mbali na mtoto anayetambaa. Iwapo ametafuna jani au ua, mpeleke hospitalini mara moja, na ubebe kipande cha mmea ili daktari ajue anachotibu.