Likizo ya bei nafuu Cancún: uliza kwanza kwa nini bei imeshuka

Kwenye pwani ya Caribbean nchini Mexico, chumba cha hoteli kinachouzwa ghali wakati wa Noeli hupatikana kwa bei ya chini mwezi wa tisa. Bahari ni ile ile na kitanda ni kile kile. Kinachobadilika ni hali ya hewa, na mara nyingine masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya tangazo.

Cancún ni mji mchanga. Serikali ya Mexico ilianza kuujenga mwaka 1970 kwa ajili ya utalii, na hoteli za kwanza zilifunguliwa miaka michache baadaye. Leo hoteli zinafuatana kando ya bahari kuelekea Playa del Carmen na Tulum, umbali wa kilometa 130 hivi. Nyingi zinauza likizo kwa bei moja: chumba, chakula na vinywaji pamoja.

Wakongomani wanaoishi Marekani au Canada na wenye kibali cha ukaaji wa kudumu hawaombi viza ya Mexico, mradi pasipoti na kibali hicho viwe halali. Anayetoka Goma au Bukavu na pasipoti ya Congo peke yake anapaswa kuomba viza.

Vimbunga na majani ya bahari

Bei hupanda kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na mbili hadi Pasaka. Hushuka zaidi mwezi wa tisa na wa kumi, na sababu inajulikana. Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 mwezi wa sita na kumalizika tarehe 30 mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kumi mwaka 2005, kimbunga Wilma kilikaa juu ya Cozumel na Cancún kwa zaidi ya siku nzima na kubomoa hoteli nyingi. Mwezi wa saba mwaka 2024, Beryl kiliingia nchi kavu karibu na Tulum. Si kila mwaka kimbunga hupiga hapo, lakini anayelipa mapema bila bima, au bila haki ya kurudishiwa pesa, anacheza bahati nasibu.

Kuna tatizo lingine: sargassum, majani ya bahari ya rangi ya kahawia yanayosukumwa na mawimbi hadi ufuoni, hasa kati ya mwezi wa nne na wa nane. Yakioza hutoa harufu mbaya. Picha za tangazo haziyaonyeshi.

Siku nne kwa bei ya moja

Kuna pia punguzo lisilotokana na msimu. Mteja anapewa siku chache kwa bei ndogo mno, kwa sharti la kuhudhuria mkutano wa saa moja na nusu, ambao mara nyingi hurefuka. Hapo anashawishiwa kununua haki ya kukaa hotelini wiki moja kila mwaka, kwa miaka mingi. Zaidi ya maelfu ya dola za kuanzia, atalipa ada ya matunzo kila mwaka, aende au asiende. Kanuni za Mexico zinampa aliyetia saini siku 5 za kazi kuvunja mkataba huo bila adhabu. Zikipita, kujiondoa ni kazi ngumu.

Raha nyingine si ghali

Nje ya hoteli kuna mengi ya kufanya. Huko Tulum, magofu ya mji wa Wamaya yanatazama bahari. Bara kuna cenote, visima vya asili vya maji baridi na safi ambamo watu huogelea. Boti ya kutoka Playa del Carmen hufika Cozumel kwa dakika 45 hivi, penye matumbawe yanayovutia wapiga mbizi. Kati ya mwezi wa sita na wa tisa, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyedhuru watu, huonekana karibu na Isla Mujeres na Holbox.

Kabla ya kulipa, mteja aulize mambo manne: je, kodi zimo ndani ya bei? Nani atamtoa uwanja wa ndege? Kuna mkutano wa lazima? Kimbunga kikija, pesa zitarudi? Jimbo la Quintana Roo hutoza pia kodi ya watalii wa kigeni, Visitax, tangu mwaka 2021. Majibu yote yawe kwa maandishi.