Sertifika ya kujitolea mwenyewe

Familia inayoweka kisanduku cha disiki nyumbani, Butembo ao Beni, ili kutunza foto, video na karatasi za parseli, inapata hofu siku ya kwanza. Wanakifungua kwa ordinatere, skrini inaleta onyo: muunganisho si salama. Mmoja anazima kila kitu, mwingine anabonyeza «endelea» bila kusoma. Wote wawili wanaenda mbio.

Mchimbaji anajua jambo hili. Dhahabu ikivuka mpaka kwa sheria, CEEC njo inatoa sertifika ya CIRGL. Mwenye mzigo hawezi kujiandikia. Sasa kisanduku kimejiandikia na kujitilia sinyatire. Haina maana mwizi ameingia: habari zinazopita zinafungwa bado kwa kode. Kinachokosekana ni shahidi, kwani ordinatere haijui kama inaongea na kisanduku chako ao na mtu aliyejiweka katikati. Na kwa anwani ya ndani kama 192.168.1.20 hakuna ofisi ya kutoa ushahidi: nyumba elfu zinaitumia.

Unganisha ordinatere na kisanduku kwa kamba, bila Wi-Fi. Soma alama ya sertifika, ile SHA-256 yenye herufi na namba 64, uiandike kwenye kaye. Ukirudi kwenye Wi-Fi, linganisha. Zikifanana, kubali. Onyo likirudi siku nyingine na alama imegeuka, usiingize neno la siri mbele ya kujua sababu.

Mtoto aliye Kampala akitaka kufungua foto, nunua jina la domeni: Let's Encrypt inatoa sertifika bure tangu 2015.