Kabla ya kulaumu bando, pima mzigo wa tovuti

Mkulima wa karafuu wa Mgogoni, kisiwani Pemba, hapeleki mzigo kituoni kabla haujachambuliwa. Karafuu hutolewa makonyo, ikaanikwa majamvini, ndipo ikatiwa guniani. Makonyo nayo yana soko lake, lakini hayapimwi pamoja na karafuu.

Watengenezaji wa tovuti wana kazi kama hiyo. Tovuti ya kisasa huweza kuwa na mamia ya mafaili ya JavaScript, mengi yakiwa kazi ya watu wengine. Programu ya kufungasha huyakusanya, huacha yasiyotumika, hubana yaliyobaki na kuyatia katika vifurushi vichache. Hatua ya kuacha yasiyotumika mafundi huiita kutikisa mti. Pemba tungeiita kutoa makonyo.

Tuseme kikundi cha wakulima wa Mgogoni kinataka tovuti ya kuandikia pishi zilizochumwa na ujira wa kila mchumaji. Ukurasa wa megabaiti 2, ukipakuliwa upya mara 3 kwa siku, hula megabaiti 180 kwa siku 30. Ukiwa wa kilobaiti 150, ni megabaiti 13 na nusu tu. Tofauti hiyo hailipi fundi aliye mjini anayetumia intaneti ya ofisi. Hulipwa na mkulima, na ndiyo maana mchumi wa kilimo anaingilia mambo haya ya kompyuta.

Programu zenyewe ni nyingi. Webpack, iliyoanzishwa na Mjerumani Tobias Koppers mwaka 2012, ina uwezo mkubwa ila mipangilio yake huchosha. Rollup ya Rich Harris, ya mwaka 2015, ndiyo iliyoipa umaarufu hiyo kutikisa mti. Mwaka 2020 zilitoka esbuild ya Evan Wallace, yenye kasi ya ajabu, na Vite ya Evan You. Kwa kikundi kidogo ningechukua Vite: mambo mengi yamepangwa tayari, hivyo fundi mmoja akiondoka mwingine hatapata tabu kuendelea.

Umri wa chombo pia ni gharama. Snowpack iliachwa na watunzaji wake mwaka 2022, na Februari 2025 Create React App, iliyotumiwa na wengi, nayo ikatangazwa kuwa imepitwa na wakati. Waliozitegemea walilazimika kuhama.

Tahadhari moja: kasi wanayoisifia mafundi ni ya kompyuta zao wenyewe, wala haipunguzi bando la mkulima. Linalomhusu yeye ni uzito wa kifurushi kinachofika kwenye simu, na kama maktaba zisizobadilika zimetengwa ili simu izihifadhi, isizipakue tena kila marekebisho yanapofanyika.

Kwa hiyo kikundi kiandike kwenye mkataba: ukurasa wa kwanza usizidi kilobaiti 150, na ujaribiwe Mgogoni kwenye simu ya bei nafuu kabla ya malipo ya mwisho. Na kama kinachotakiwa ni fomu moja na jedwali moja, fundi aulizwe kwanza kama kuna haja yoyote ya kufungasha.