Kila mtu na ukurasa wake: daftari la kuokoa msimu wa karafuu

MSIMU wa karafuu ukifika Pemba, mkulima hashughuliki na miti peke yake. Anashughulika na watu: wachumaji, mwenye gari, mwenye majamvi, kina mama wa kuchambua, bwana shamba na karani wa kituo cha kununulia karafuu. Kila mmoja ana lake la kuambiwa, na kila mmoja ameahidi jambo.

Tatizo ni kwamba mambo yote hayo huwekwa kichwani. Mkulima hukutana na mwenye gari barazani baada ya sala ya Ijumaa, wakajuliana hali, wakazungumza habari za mpira, wakaagana. Akifika nyumbani ndipo anapokumbuka kuwa hakumuuliza kama gari itakuja Jumatatu.

Karafuu haimsubiri aliyesahau. Ikiachwa mtini mpaka ichanue, hupungua thamani. Ikishachumwa inatakiwa ichambuliwe mapema, makonyo yatengwe, kisha ianikwe siku tatu hadi tano za jua zuri. Ikirundikwa mbichi kwa kukosa majamvi au watu wa kuchambua, hupata joto na kupoteza rangi. Matokeo yake ni kushuka daraja, na kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) bei huenda na daraja.

Daftari la fedha halitoshi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima wengi wanalo daftari, lakini ni la fedha tu: nani kachuma pishi ngapi na kalipwa kiasi gani. Ahadi isiyo ya fedha haina pa kuandikwa.

Dawa yake ni rahisi. Katika daftari la kawaida, kila mtu apewe ukurasa wake. Juu yaandikwe jina na namba ya simu. Chini ukurasa ugawanywe kwa mstari. Upande mmoja ni mambo ya kuzungumza naye, na upande wa pili ni mambo yanayosubiriwa kutoka kwake.

Tuseme mkuu wa wachumaji ameahidi kuleta watu sita. Upande wa kusubiri utaandikwa: “Watu sita. Kaahidi tarehe 2, aulizwe tarehe 5.” Upande wa kuzungumza utaandikwa bei ya pishi, nani ataleta kamba na mapakacha, na chakula cha mchana ni juu ya nani. Ikifika tarehe 5 bila jibu, hupigiwa simu siku hiyohiyo. Hangojwi mpaka asubuhi ya kuchuma, wakati hakuna tena nafasi ya kutafuta wengine.

Mambo matatu ya kushika

Kwanza, ukurasa wa mtu ufunguliwe kabla ya kumpigia simu au kwenda kwake, ili yote yaulizwe kwa mara moja. Pili, alichojibu kiandikwe papo hapo. Tatu, kila usiku daftari lipitiwe kuona nani wa kuulizwa kesho. Jambo lililokwisha likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke, maana linaweza kuhitajika pakitokea ubishi.

Wapo wanaoona haya kuulizia, wakihofu kuonekana hawamwamini mwenzao. Njia nzuri ni kukubaliana siku mapema. Mtu akishaahidi, aulizwe: “Basi nikupigie siku gani, ndugu yangu?” Akiitaja mwenyewe, simu ya siku hiyo haitakuwa kumsumbua, kwani ni yeye aliyeipanga.

Mwenye duka wa Wete anayeagiza bidhaa kutoka Darajani, Unguja, anaweza kufanya vivyo hivyo. Ukurasa mmoja uwe wa muuzaji, mwingine wa mtu wa bandarini, na mwingine wa mteja aliyeweka oda. Simu moja iliyopangwa huokoa vocha ya simu nne.

Utaratibu huu unajulikana hata nje. Mmarekani David Allen, katika kitabu chake Getting Things Done cha mwaka 2001, aliwashauri watu wa maofisini wawe na orodha ya mambo ya kuzungumza na kila mtu, na nyingine ya mambo wanayoyasubiri kwa wengine. Siku hizi zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo, na hata simu ndogo ina kengele ya kumkumbusha mtu tarehe. Lakini daftari haliishi chaji.

Mkulima anayetaka kuanza anashauriwa asingoje karafuu ziwive. Anunue daftari sasa, aandike majina ya watu anaowategemea msimu huu, na katika kila ukurasa aanze na jambo moja ambalo bado hajamuuliza mwenyewe.