Mti wa Muiri na Dawa Iliyomo Katika Magome Yake

Wasomaji wengi wakaao katika nchi za juu za Kenya wanaujua mti ambao Wakikuyu huuita muiri, na Wakipsigis na Wanandi huuita tendwet. Lakini si wengi wajuao kwamba magome ya mti huo yamekuwa yakivushwa bahari kwa miaka mingi, yakafanywe dawa huko Ulaya. Nimeona yafaa kuandika habari zake, maana twaweza kuupoteza mti huu kabla hatujaijua thamani yake.

Jina lake la kitaalamu ni Prunus africana, alilopewa mwaka 1965. Kabla ya hapo uliitwa Pygeum africanum. Ni wa jamaa moja na mpichi, mplamu na mlozi. Humea milimani, kama vile Mlima Kenya, Nyandarua, Mau na Elgon, na vilevile Kamerun na Madagaska. Waweza kufika urefu wa mita 40. Gome lake ni jeusi lenye nyufa, na ukilisugua jani lake mkononi utasikia harufu ya lozi chungu. Harufu hiyo ni onyo: yatokana na kitu ambacho, jani au gome likipondwa, hutoa sianidi, nayo ni sumu. Basi mtu asidhani kwamba kila kitokacho mtini hakiwezi kudhuru.

Wazee wetu waliutumia mti huu tangu zamani. Majani yalitumiwa kwa mvuke kumsaidia mwenye homa, na gome lililopondwa na kutiwa maji lilitoa maji mekundu yaliyonywewa kwa maumivu ya tumbo. Wafugaji nao waliwanywesha ng'ombe ili kuwaharisha. Mbao zake ngumu zilifaa kwa mipini ya mashoka na kwa kujengea.

Lakini sifa yake kubwa ni juu ya ugonjwa wa wanaume wazee. Chini ya kibofu cha mwanamume kuna kiungo kidogo kiitwacho tezi dume, nacho kimeuzunguka mrija wa mkojo. Mtu akizidi kuwa na umri, mara nyingi tezi hiyo huvimba na kuubana mrija. Baba yangu mkubwa alipatwa na taabu hiyo. Aliamka mara nne au tano kila usiku, akasimama kizani muda mrefu, na mkojo ukatoka kwa matone tu. Aliona haya kumwambia mtu yeyote, hata ndugu zake.

Mwaka 1966 Mfaransa mmoja, Jacques Debat, alijipatia hati ya haki ya kutengeneza dawa ya ugonjwa huo kutokana na gome la muiri. Gome hukaushwa, likasagwa, kisha huloweshwa katika maji ya kikemia yawezayo kuyeyusha mafuta, kama klorofomu. Magunia mengi huishia kilo chache tu za dawa nzito. Ndani yake wataalamu wameona vitu vya namna tatu. Cha kwanza ni steroli, hasa beta-sitosteroli, izuiayo mwili usifanye kwa wingi vitu viitwavyo prostaglandini, ambavyo huleta uvimbe. Cha pili ni triterpeni, kama asidi ya ursoliki na asidi ya oleanoliki, nazo hutuliza uvimbe ulioanza. Cha tatu ni vitu vitokanavyo na asidi ya feruliki, ambavyo hudhaniwa kupunguza kolesteroli ndani ya tezi. Vitu hivi vina asili ya mafuta, na maji matupu hayavitoi vizuri. Kwa hiyo mtu achemshaye gome nyumbani asifikiri kwamba amepata dawa ileile ya vidonge.

Je, dawa yenyewe yafaa? Mwaka 2002 wataalamu walikusanya majaribio 18 yaliyofanyiwa wanaume 1,562. Waliotumia dawa ya muiri walisema wamepata nafuu zaidi ya mara mbili kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, na safari za usiku zilipungua karibu moja katika tano. Hata hivyo majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Tena yafaa kukumbuka kwamba dawa hii hutuliza taabu tu. Haiponyi saratani, ambayo yaweza kuwa na dalili zizo hizo. Kwa sababu hiyo mzee na aende kwanza kwa daktari akapimwe.

Sasa nitaeleza jambo lililonihuzunisha. Katika mpaka wa shamba la baba mkubwa palikuwa na muiri mmoja mkubwa, uliopandwa na babu. Wakaja wanunuzi wa magome, na kijana mmoja wa ukoo akawauzia bila kuuliza. Waliubambua mti kwa kuuzunguka wote, tangu chini hata kwenye matawi. Mvua za pili zilipofika, haukuwa na jani hata moja. Sababu yake ni hii: chakula kifanywacho na majani hushuka mizizini kwa njia ya tabaka la ndani la gome. Ukilikata pande zote, mizizi hufa njaa, na mti hufa juu yake. Mtu afanyaye kwa akili hubambua pande mbili zinazoelekeana, kila moja robo ya mzunguko wa shina, akauacha mti miaka kadhaa hata gome likue tena. Kwa kuwa miti mingi iliangamizwa namna hiyo katika nchi nyingi, tangu mwaka 1995 biashara ya magome haya baina ya mataifa imewekwa chini ya mkataba wa CITES, nayo yataka kibali.

Baba mkubwa alikubali mwisho kwenda hospitali, akatibiwa, na sasa hulala usingizi. Aliporudi aliniagiza nimtafutie mbegu za muiri. Nilimletea zilizokomaa karibuni, maana mbegu hizi hazistahimili kuwekwa. Zikikaa miezi hazioti. Miche sita ilichipua, naye ameipanda palepale penye kisiki cha mti wa babu. Alisema hana haja ya kuona magome yake, ila wajukuu wake watazeeka nao. Kila mwenye shamba katika nchi za juu anaweza kufanya kama yeye, na mwenye muiri uliosimama bado amkataze jirani na mwanawe kuuzungushia panga.